Nyumba Yenye Mnyaa Mlangoni

Kuna bwana mmoja nataka kuwaambia habari zake, ndugu zangu, na msigeuke kumtafuta humu ndani, maana kila mmoja wetu anamfahamu. Bwana huyu alikuwa na mnyaa mbele ya nyumba yake. Si mnaujua mnyaa? Ule wa vijiti vya kijani, wenye utomvu mweupe, usiojali jua. Kijiji kizima kilikauka, wake ukabaki kijani, na kila alipoutazama kifua kilimjaa fahari. Kwa nini kisimjae? Aliupanda kwa mkono wake mwenyewe.

Wazazi wa kijana anayemposa binti yake wakaleta habari kwamba watakuja. Bwana akawajibu, "Msihangaike kuuliza jina. Tafuteni nyumba yenye mnyaa mlangoni."

Tangu hapo akauona mnyaa kama umefifia. Akaanza kuumwagilia, asubuhi ndoo, jioni ndoo, mwezi mzima, na wakati huo kisima kilikuwa kinatoa matope. Mjane jirani yake akaja na sufuria.

"Baba, nigawie kidogo tu. Nina mgonjwa ndani."

"Mama, maji haya yana kazi. Wakwe wanakuja, nataka wakute mnyaa unang'aa."

Mama wa watu akarudi na sufuria yake tupu.

Ndugu zangu, mnyaa unaogopa nini? Jua? Hata kidogo. Mnyaa unaogopa maji mengi. Siku ya wageni bwana alifungua mlango akaukuta umelala chini, shina limeoza, linanuka. Akakaa na suti yake, akangoja. Jua likapanda, likaanza kushuka, hakuna mgeni. Akadhani posa imevunjika, na machozi yakamlenga.

Mara akasikia vicheko ng'ambo ya ua. Kuchungulia, wakwe zake hao, wamekaa kwa mjane wanakunywa uji. Na mlangoni pa mjane umesimama mnyaa, kijani, mnene. Miaka ya nyuma bwana alipopogoa wake, matawi aliyatupa kule. Mama akaokota moja, akaliacha hadi utomvu ukauke, akalichomeka mlangoni pake, na bwana hakuwahi kutupa jicho huko.

"Karibu, jirani," mjane akasema. "Wageni wako walipotea njia. Nimewapikia uji, maji nilipata kwa watu. Na nimewaambia kwamba mnyaa huu ni wa kwako, mimi uliniangukia tu kutoka ng'ambo."

Bwana hakujua aweke wapi macho yake.

Sisi je? Sisemi tusijivunie. Jivunie binti yako, jivunie kwaya yetu. Hata mimi nikiwatazama hapo mlipokaa najivunia ninyi. Lakini tunachokimwagilia kila siku ili watu waone kinaoza shinani, na tulichokitupa kwa jirani ndicho kinacholinda jina letu. Basi ukifika nyumbani leo, uache mnyaa wako na jua lake. Ile ndoo ipeleke ng'ambo ya ua.