Ukiweza, Nile!

Mwaka ule mvua ilikataa katakata, hata Fisi akajifunza kula njugu. Mnyama aliyekuwa akizicheka kwamba ni chakula cha panya, sasa alizitafuna na maganda yake na kushukuru. Simba, kwa ukarimu wa kifalme, aliipa kila nyumba kikapu kimoja cha njugu za kusubiria mvua. Vingine vyote alijiwekea mwenyewe, ili asije akawasumbua raia kwa kuomba.

Njaa ikiingia, Sungura hakosi kazi. Alikaa kwenye njia ya kisimani na vifuu vitatu vya nazi, akaficha njugu moja chini ya kimoja, akavizungusha huku akiimba: "Pata potea! Ukipata unakula, ukikosa unaliwa!"

Aliyekijua kifuu chenye njugu alilipwa mara mbili. Ajabu ni kwamba hakuna aliyekijua. Kabla vifuu havijatulia, Sungura alikuwa ameshaichopoa njugu na kuitia shavuni.

Simba ndiye wa kwanza kuliwa. Lakini mfalme haliwi, kwa hiyo alitangaza kwamba amemtuza Sungura, akaondoka kichwa juu.

Bi Kobe alikuja na konzi moja ya njugu. Alicheza, akacheka, akajishangilia hata alipokosa. Konzi ilipokwisha akageuka kuondoka.

"Mbona mapema, Bi Kobe?" Sungura akamwita. "Mchezo ndio kwanza unanoga!"

"Unoge tu, baba. Nilikuja na njugu za kuchekea, zimekwisha. Zilizobaki nyumbani ni za chungu."

Fisi akaangua kicheko. "Mwoga huyo! Ndiyo maana anatembea na nyumba mgongoni, anaogopa ataiweka rehani!"

Fisi naye alikuja na konzi aliyopimiwa na mkewe. "Hii ya kujifurahisha," mkewe alimwambia. "Ikiisha, rudi." Ikaisha upesi, na kweli Fisi akarudi, ila mkewe alikuwa ameenda kuokota kuni. Akakibeba kikapu chote mbele ya watoto wake.

"Baba, unaenda wapi nacho?"

"Naenda kukizidisha."

Alicheza hadi vidole vyake vikagusa kitako cha kikapu. Aliwapenda watoto wake, tusimwonee, na sasa aliwaona waziwazi akilini wakilamba vyungu vikavu.

"Sungura ndugu yangu," akasema kwa sauti ndogo, "nirudishie japo za jioni hii. Watoto hawajala."

Sungura akawatazama watazamaji, akavimba. "Mchezo hauna huruma, bwana. Unazitaka njugu zako? Mimi hapa. Ukiweza, nile!"

Kila mtu pale alijua kwamba kumla mwenye mchezo ni kumshinda. Fisi pia alijua, maana aliimba naye tangu asubuhi. Lakini alikuwa na njaa, na kwa fisi mwenye njaa neno hilo lina maana moja tu.

"Nikule?" akauliza kwa adabu.

"Nile, kama wewe dume!"

"Jamani, mmesikia?"

"Tumesikia!"

Fisi akamdaka sikio. Sungura akapiga ukelele, na kinywa kilipofunguka njugu ikachomoka, ikadondoka mbele ya wote. Vifuu vikafunuliwa. Vyote vitupu.

"Nilisema kula kwa mchezo!" Sungura akalia.

"Nami nakula kwa mchezo," Fisi akajibu, sikio likiwa bado mdomoni.

Sungura akaponyoka, akaacha nyuma kipande cha sikio na njugu zote. Kila mmoja akachukua zake. Simba, ambaye hakuliwa, alirudi mbio na kuchukua wa kwanza.

Fisi akafika nyumbani na kikapu chake kimejaa, anatamba. "Nimekula, mke wangu! Nimemla Sungura!"

Mkewe akakitazama kikapu, akawatazama watoto waliokuwa wamemshika nguo.

"Na ungeliwa wewe," akauliza taratibu, "hapa angeliwa nani?"

Fisi aliona haya ambayo hajawahi kuona tangu azaliwe fisi, akakitua kikapu jikoni, akakaa chini kando ya watoto.

Nawe, msomaji, ukienda kucheza, nenda na kile ambacho kikipotea hakuna mtoto atakayekiulizia.