Mlio wa Kwamboka

Nisogeleeni niwape kisa ambacho mimi mwenyewe kimenishinda kukiamua.

Mjini Nakuru palikuwa na watu wanne, kila mmoja na kipaji chake. Kwamboka alikuwa na vidole: muziki wowote wa roki aliousikia, gitaa lake liliurudisha vilevile, hata pale mwenye wimbo alipoteleza. Shangazi yake, Bosibori, alikuwa na sauti ya kuongoza mbolezi misibani. Toroitich, mpiga ngoma wa bendi ya Kwamboka, alikuwa na sikio. Na Mulongo, mpiga gitaa wa bendi pinzani, alikuwa na ulimi usiojua kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mwaka mmoja kukawa na majaribio ya kutafuta wapigaji wa tamasha kubwa la Kampala. Kwamboka akapanda jukwaani, akapiga mpaka jasho likamtiririka, na ukumbi ukashangilia. Mwamuzi, mama mmoja mpole, akangoja kelele zitulie.

"Binti," akasema, "umepiga kama watu wanne mashuhuri, na wote nimewatambua. Wewe mwenyewe ni yupi?"

Kwamboka akaliinamia gitaa lake.

"Basi rudi mwakani, uje na huyo."

Alifika nyumbani akalisukuma gitaa chini ya kitanda. Kushindwa hakukumuuma sana. Kilichomuuma ni kwamba alijitafuta katika kila wimbo aliokuwa akiujua, asijione.

Bosibori ndiye aliyemtoa ndani. "Nakwenda msibani Nyamira. Inuka unibebee mkoba." Huko Kwamboka akamsikia shangazi yake akiimba, akiimba, mpaka akafika kwenye jina la marehemu. Hapo akanyamaza. Kimya kikarefuka hata waombolezaji wakainamia mbele, kama watu wanaovutwa kwa kamba. Ndipo akalitaja jina, na uwanja mzima ukaangua kilio.

"Shangazi, pale ulisahau?" Kwamboka akauliza walipokuwa wakirudi.

"Nisahau? Nilikuwa nawangoja wafike. Nilijifunza kungoja siku niliyomwimbia mwanangu Nyakundi, jina lake likakataa kunitoka."

Kwamboka akalivuta gitaa kutoka chini ya kitanda. Tangu hapo akajua kunyamaza ndani ya wimbo.

Toroitich naye akaacha bendi nyingine, ya harusi, iliyokuwa ikimlisha, akakaa nyuma ya ngoma zake jioni baada ya jioni, akishika pigo lilelile huku Kwamboka akitafuta mlio wake mwenyewe. Siku moja kidole cha mwisho cha Kwamboka kilichoka, kikateleza juu ya uzi, na gitaa likatoa mlio uliopinda, kama mtu anayeanza kulia akajizuia. Akaguna, akataka kuanza upya.

"La, la!" Toroitich akainua fimbo zake. "Rudia hapo ulipokosea."

"Ni kosa, Toro."

"Kosa la nani? Lako. Hapo hukumwiga mtu."

Akalirudia, akalirudia tena, mpaka kosa likawa mazoea ya mkono wake.

Mulongo hakuwa rafiki. Alikuja mazoezini bila kualikwa, akaegemea mlango, na kila kipande alichokisikia akasema kilikotoka. "Hicho ni cha kuazima. Hicho umekitoa kwenye kanda, hata sijui kama unajua ni ya nani. Na hicho ni changu, nirudishie." Kwamboka alimchukia. Lakini kila Mulongo alipoondoka, yeye alikaa akasikiliza upya, akaona amesema kweli, akakitupa kile kipande. Wimbo ukapungua, ukapungua, mpaka ukabaki mfupi, mkavu, wenye kimya kirefu na mlio uliopinda. Mulongo akausikiliza hadi mwisho.

"Huu," akasema taratibu, "siujui." Akaondoka bila kuaga.

Mwaka ulipozunguka, Kwamboka akapanda tena jukwaani. Ukumbi haukushangilia mara moja. Ulitulia kwanza, kama uwanja wa Nyamira. Mama mwamuzi hakuwa na swali.

"Utakwenda Kampala," akamwambia. "Jukwaani pana nafasi ya mwenzako mmoja, si zaidi. Kesho nitakupigia simu unitajie jina."

Asubuhi yake wote watatu wakawa nyumbani kwake, vikombe vya chai mikononi.

Toroitich akaanza. "Niliacha riziki yangu kwa ajili ya wimbo huu. Na bila pigo langu, hicho kimya chako kitasimama juu ya nini?"

"Mimi sikuja kudai, mwanangu," akasema Bosibori. "Lakini kungoja huko nilijifunza kwenye kaburi la Nyakundi. Ningependa kuimba kungoja huko japo mara moja mbele ya watu ambao hawakuja kuzika."

Mulongo aliitazama chai yake. "Jana mimi pia nilijaribu, nikakataliwa. Nikiondoa vya watu katika muziki wangu, kama nilivyoviondoa kwako, hakibaki kitu. Kazi yangu yote imo katika wimbo wako, na hakuna atakayeisikia, kwa sababu imo katika yale usiyoyapiga."

Kwamboka akawaza kwenda peke yake, akaona haya kwa wazo hilo. Akajaribu kuupiga wimbo kichwani bila mmoja wao. Alipomtoa shangazi, ukawa mbio tupu. Alipomtoa Toroitich, ukawa mzuri lakini hauna mwenyewe. Alipomtoa Mulongo, wale watu wanne mashuhuri wakarudi wote wakaketi.

Simu ikalia.

"Haya, binti," mama mwamuzi akasema. "Ni nani?"

Nyote mlionisikiliza, simu iko sikioni mwake na watatu wanamtazama mdomo. Ingekuwa ni nyinyi, mngemtaja nani? Na mkishamtaja, mngewaambia nini wale wawili?