Rutatina kwenye Kivuko cha Ruhija

Tegeni sikio, enyi uzao wa Kyabuhara, maana asiyemjua aliyemzaa hajui amchukie nani. Enzi za mababu wa babu zetu, dini mbili za Wazungu zilipoingia nchi moja, na fahali wawili hawakai zizi moja, aliishi Rutatina mwana wa Kagashe, Simba wa Ruhija, mkono uliovunja shingo ya nyati, naye alibatizwa na Padri. Ndugu yake wa kuchanjiana damu alikuwa Kaijage, mkuu wa mashujaa wa mfalme. Ujanani walichanjana kitovuni, wakazipaka buni damu, kila mmoja akameza ya mwenziwe, wakaapa kwamba atakayemwaga damu ya nduguye atavimba tumbo afe, yeye na kizazi chake.

Kaijage akafuata dini ya pili, isiyo na tasbihi wala sanamu, akatangaza mbele ya mfalme: "Watu wa Padri wanamwabudu mwanamke wa mti, na kila Jumapili wanamla mtu na kunywa damu yake! Wakimmaliza huyo, watatugeukia sisi."

Nchi nzima ikasadiki, kwani watu waliozoea kumeza damu ya kweli wangedhanije kuwa hiyo ni ibada tu? Mfalme akasema, "Wachomeni." Loo, wakachomwa! Kanisa la nyasi lilitiwa moto watu wakiwa ndani, na mama yake Rutatina, kikongwe Kokuhumbya, alikatwa kwanza vidole vilivyoshika tasbihi.

Rutatina akawapeleka waliosalia mtoni Ruhija, akasimama peke yake kivukoni huku wakivuka. Kila shujaa wa mfalme aliyemkaribia alimpasua kichwa kwa rungu, akilitaja jina la mama yake, na nasema kweli, alifurahi.

Ndipo Kaijage akawatangulia mashujaa wake, mikono mitupu, kifua wazi.

"Nipige basi, ndugu yangu," akasema akicheka. "Mbona rungu limekuwa zito? Unalihurumia tumbo lako, au la wanao?"

Rutatina akageuka. Wanawe walikuwa katikati ya maji, mdogo mgongoni mwa mama yake. Akimpiga Kaijage, watakufa kwa kiapo. Akimpisha, watakufa kwa mkuki. Padri alikwisha kumwambia kiapo kile ni upuuzi, lakini Padri hakuimeza ile buni.

Akalitupa rungu. Kaijage akadhani ameshinda. Rutatina akamkumbatia, akambana mpaka mbavu zikalia na tone la damu lisidondoke, akajitosa naye kilindini. Mashujaa hawakuthubutu kuingia maji yaliyommeza mkuu wao, na watu wakavuka wote.

Wawili wale hawakuonekana tena. Waliovuka wakaijenga Kyabuhara, wakatuachia chuki yao nzimanzima, nasi tumeitunza. Binti yetu akiolewa ng'ambo, kwa watu wa dini ya Kaijage, tunamwekea matanga angali hai, tunanyoa nywele, tunazika nguo zake. Juzi tulimzika hivyo Koburungo. Alisimama ng'ambo ya mto, mja mzito, akitusikia tukimlilia.