Kanga Mlangoni mwa Bi Paa

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba za udongo na kuzikana kwa heshima, Bi Paa alifiwa na mumewe. Akaingia eda. Ilimpasa akae miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba ile ile aliyoachwa na marehemu, akimlilia na kumwombea.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kupanga. Mwenye nyumba alikuwa Fisi.

Siku ya pili ya msiba Fisi akaja. Ngo! Ngo! Ngo! Hata pole hakutoa.

"Bi Paa, funga virago. Chui anaitaka nyumba. Ameniahidi mbavu za nyati kila wiki."

"Bwana Fisi, nimo edani. Na wewe ulipatana na mume wangu tukae hadi mavuno, kwa vibuyu viwili vya asali. Aliirina mwenyewe kabla hajaugua. Hii hapa, pokea."

Mate yakamjaa Fisi kinywani. Akameza, glu!

"Sipokei! Nikipokea, mtasema mmepanga. Mumeo nilimhifadhi tu, kwa huruma yangu. Una shahidi? Shahidi wako mlimzika jana! Hii-hii-hiii!"

Akaung'oa mlango, kraa! Akauweka begani. "Keshokutwa naja kung'oa makuti."

Bi Paa akalia sana. Wa kumtetea alikuwa kaburini, na yeye mwenyewe hakuweza kutoka kwenda kushitaki. Akatundika kanga mahali pa mlango, akaswali. Alipoinuka kwenye mkeka, alikuwa amepata njia. Yeye hawezi kwenda kwa watu, lakini kesho watu watakuja kwake.

Siku ya tatu ilikuwa ya hitima. Wakaja Maalim Kobe, Punda, Ngiri na mkewe, uani pakajaa. Fisi naye akaja, maana alisikia kuna wali.

Walipomaliza dua, sauti ya Bi Paa ikatoka nyuma ya kanga.

"Maalim, na nyote jamaa. Mwenye haki yake kwa mume wangu aseme, apewe sasa hivi, marehemu asilale na dhima."

Hapo akafungua kibuyu. Harufu ya asali ikapenya chini ya kanga, ikatoka nje.

Fu! fu! fu! Pua ya Fisi ikacheza. Akawaza: "Aliyekufa hapangi tena. Namdai maiti, naramba asali, na nyumba nampa Chui."

"Mimi!" akaruka. "Mimi nina haki!"

"Haki gani, Bwana Fisi?" akauliza Maalim Kobe polepole.

"Vibuyu viwili vya asali!"

"Vya nini?" ikauliza sauti nyuma ya kanga.

"Vya kodi!"

"Ya nyumba gani, na mpaka lini?"

"Hii hii! Mpaka mavuno! Lete basi, mama, mbona maswali kama ya kaburini?"

Vibuyu vikasukumwa nje. Fisi akavidaka. Glu-glu-glu! Akaramba hata masharubu.

"Jamaa, mmeona?" akauliza Bi Paa.

"Tumeona," akasema Punda.

"Na tumesikia," akasema mke wa Ngiri.

Maalim Kobe akatoa shingo yake yote nje.

"Bwana Fisi, umepokea kodi ya mpaka mavuno mbele yetu. Rudisha mlango."

"Ah! Lakini aliyepanga ni mumewe, na mumewe kafa!"

"Na asali uliyokunywa, imetoka mkononi mwa nani?"

Fisi akatazama ndani ya kibuyu. Hakuna aliyecheka, maana ulikuwa msiba.

Kabla ya alasiri mlango ulikuwa umerudi mahali pake. Fisi aliubeba mwenyewe, Punda akimfuata nyuma.

Bi Paa akaikunja kanga. Akafunga mlango taratibu, akaketi upande wake wa mkeka, ule mwingine akauacha wazi, akaendelea kumwombea mumewe.

Wanangu, mpangaji akionewa asihame kimyakimya, aiweke haki yake mbele za watu, na Mwenyezi Mungu yu pamoja naye.