Kitanda Kilichotandikwa

Akina mama wenzangu, alikuwepo mama mmoja, binti yake wa kwanza ndiyo kwanza ameanza chekechea, miaka minne tu, na mama wa watu roho juu kila asubuhi. Siku hiyo anatafuta sweta kwenye tranka lake la zamani, la enzi za shule ya bweni, akakuta kitabu. Kile kile! Riwaya ya kutisha waliyoisoma kwa zamu bweni zima, jalada limeliwa na panya. Ya msichana kikojozi aliyechekwa na wenzake hadi akafa, kisha akawa anarudi kama zimwi. Hapigi kelele, hang'ati. Anakutandikia kitanda vizuri, na ukikilalia huamki.

Akaketi sakafuni akaisoma tena, anatabasamu mwenyewe, jamani, alivyoipenda! Si mnawajua wanafunzi? Kila mhusika walimwandikia pembeni jina la mwenzao. Penye zimwi paliandikwa jina la binti aliyekuwa akianika godoro kila asubuhi. Na mwandiko ni wake yeye mwenyewe.

Akachukua raba, akafuta. Penseli ikatoka, mkandamizo ukabaki. Halafu lile jina, mbona kaliona juzi tu? Kwenye daftari la mtoto, limesainiwa kwa wino mwekundu! Yule anayemwita Mwalimu, Mwalimu, kumbe ndiye!

Hata kanga hakuifunga sawasawa. Mbio mpaka shuleni. Watoto wamelala mikekani, na mwalimu kapiga magoti pembeni, anamtandikia binti wa mama huyu peke yake kigodoro, shuka analinyoosha taratibu kwa kiganja.

"Usimlaze hapo!"

"Shii! Mama Nsia, utaniamshia hawa," mwalimu akanong'ona. "Kajikojolea kidogo tu. Nguo nimeshamfulia, ziko uani. Nataka wenzake wakiamka wamkute mkavu, asije akapewa jina."

"Mwalimu... unanijua mimi?"

"Tangu siku ya kwanza ulipomleta. Nilikujua kwa kicheko."

"Na bado ukampokea?"

"Sasa ningefanyaje, naye keshanishika kidole?"

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Huyu alimjua, na hakumla hata ukucha.

Sasa sisi. Kila siku tunaomba hapa, Mungu walinde watoto wetu na watu wabaya, tunaomba tunalia. Ni vizuri, hata mimi naomba, maana naogopa. Lakini tumewahi kujiuliza, kwenye kitabu cha mwenzetu sisi tumeandikwa ukurasa gani? Huenda mwanao leo kalala usingizi mzuri juu ya kitanda alichotandikiwa na mtu uliyemcheka, naye kanyamaza, hajakudai hata samahani.

Tusikimbilie raba, wapendwa. Yule mama alikwenda uani, akazianua nguo za mwanawe, akarudi nazo kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu bwenini akamwita yule dada kwa jina lake, taratibu, kama mtu anayeomba kufunguliwa mlango.

Wewe wako unamkumbuka jina? Basi usilale kabla hujamwita.