Ufunguo wa Mtambo wa Mwisho

Anayesikiliza hadithi hii asikae kama mgeni. Akae kama hakimu, maana mwishoni atadaiwa hukumu.

Katika mji mmoja wa pamba palikuwa na kiwanda cha vitenge, na humo walikuwamo wafumaji watatu waliojaliwa. Nchambi alijaliwa miguu. Baiskeli yake haikuwa na breki, wala hakuwahi kuzihitaji. Tausi alijaliwa kusoma. Sheria ya kazi aliisoma kama wengine wasomavyo barua za mapenzi. Kabula alijaliwa kutunza. Kila Desemba kiwanda kilimpa kila mmoja kitenge kilichochapwa mwaka kwenye pindo, na maneno “Zawadi kwa Mfanyakazi Wetu”. Wenzake walivivaa vyao mpaka vikawa matambara ya kupigia deki. Kabula aliviweka sandukuni vyote tisa, akingoja binti yake aolewe.

Lakini alichokipenda zaidi ni mtambo wake wa kufumia, namba kumi na saba. Ukikohoa tu, alijua ni uzi gani unataka kukatika.

Asubuhi moja wakakuta lango limefungwa kwa mnyororo. Meneja alisimama upande wa pili.

“Tumepunguza watu. Nendeni salama.”

“Na notisi yetu, bosi?” Tausi akauliza. “Na kiinua mgongo?”

“Hivyo ni vya waajiriwa. Ninyi vibarua. Hebu njooni Jumatatu.”

Wakaenda Jumatatu nne. Nyumbani, Kabula aliamka alfajiri vidole vikifunga fundo la uzi usiokuwepo. Kimya cha mji kilimuuma masikioni.

Tausi ndiye aliyegundua: lalamiko la kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku thelathini, na siku hiyo ilikuwa ya thelathini. Akaliandika kwa mkono, kifungu kwa kifungu, bila kufuta neno.

Nchambi akalibeba. Mvua ilikuwa imekata barabara, mabasi hayakupita. Akakanyaga kilomita arobaini za matope, akamkuta karani wa Tume ya Usuluhishi ameshika kufuli. “Usifunge, mama! Shikamoo kwanza!” Karani akacheka, akagonga muhuri.

Siku ya shauri, meneja akarudia wimbo wake: vibarua. Kabula akafungua sanduku. Akatandaza kitenge kimoja, cha pili, cha tatu, mpaka meza ikajaa miaka tisa.

“Kibarua gani huyu,” msuluhishi akauliza, “mnayemwita mfanyakazi wenu kila Desemba?”

Meneja akainamisha kichwa. Wote wakalipwa notisi na kiinua mgongo. Kisha meneja akatoa ufunguo, akauweka juu ya kitenge cha mwisho.

“Kuna pamba imebaki. Mtambo mmoja utaendelea, namba kumi na saba. Nafasi ni moja tu. Chagueni wenyewe.”

“Bila miguu yangu,” Nchambi akasema, “barua ingefika siku ya thelathini na moja, ikafungiwa vitumbua.”

“Na bila mimi ungebeba nini, kaka? Jasho?” Tausi akamjibu. “Hata siku zenyewe nilizihesabu mimi.”

Wakamgeukia Kabula.

“Bila vitenge vyangu mngerudi vibarua,” akasema polepole. Kisha akaongeza, huku anakunja kitenge cha kwanza, “Ninyi mnataka kazi, jamani. Mimi nautaka ule mlio.”

“Na sisi hatukuukumbuka?” Tausi akauliza. Macho yake yalikuwa yamelowa. Nchambi alitazama miguu yake.

Kabula hakuwahi kufikiri kwamba wenzake nao huamka alfajiri.

Sheria ilitaja notisi, ikataja kiinua mgongo, haikutaja hamu. Na ufunguo ungalipo pale juu ya kitenge, mikono mitatu imeuzunguka, hakuna unaougusa.

Haya, hakimu uliyekaa hapo: ungeuweka katika mkono wa nani?