Kibuyu cha Bi Mshai

"Asiye na maji huja na mchanga." Mmeisikia sokoni, mkacheka, na sasa mwataka kujua imetoka wapi. Kaeni basi. Methali hii ilizaliwa hivi.

Mto Ngaluma ulipita kaunti nne. Tatu za juu zilikuwa na Tume ya Bonde la Mto, na tume ndiyo iliyogawa zamu za maji ya kiangazi. Ya nne, Mbaramwa, ilikuwa mkiani, na haikujiunga: wawakilishi wa wadi walibishana miaka sita juu ya nani akalie viti viwili vya wajumbe ambavyo kila kaunti hupewa tumeni. Walipochoka kubishana, mto ulikuwa haufiki tena. Kiboko wa mwisho alionekana kando ya lami akingoja basi.

Ndipo bunge la kaunti likapitisha azimio, gavana akatia sahihi, na Bi Mshai, mkulima wa vitunguu, akatumwa tumeni. Siku hiyo zilikuwa zinagawanywa zamu za miaka mitano. Angekosa kiti, Mbaramwa ingekosa hata tone, na mashamba yote yangekwisha.

Sasa, tume ilikuwa na desturi. Kaunti inayojiunga huleta kibuyu cha maji ya kipande chake cha mto, ikamimina katika chungu cha wote. Kisha kila mjumbe hunywa kikombe. Atakayetema amejitoa tumeni.

"Karibu, mama," alisema Bwana Kitheka, mwenyekiti, mtu wa kaunti ya juu kabisa. "Karatasi zako ziko sawa. Maji yako wapi?"

"Hilo ndilo nililokuja kuwauliza, Mwenyekiti."

Wajumbe wakaangua kicheko. Kitheka hakucheka. "Hukumimina, hukai. Si ungenunua hata chupa dukani?"

"Desturi yasema dukani, au yasema kipande chetu cha mto?"

"Kipande chenu."

"Haya." Bi Mshai akakiinamisha kibuyu alichokuja nacho juu ya chungu. Ukashuka mchanga, mkavu, mwekundu, shwaaa, na mfupa mmoja wa kambale.

"Mama, umetuharibia maji!" mjumbe mmoja akaruka.

"Nimewamiminia mto wetu mzima, baba. Sasa na tunywe."

Karani akachota. Kitheka alikitazama kikombe kama mtoto aliyepewa mwarobaini, akanywa. Meno yakasaga. Mchanga aliokuja kuutema nyumbani, wasema, ulitosha kupiga plasta jiko lake. Lakini pale tumeni alimeza.

"Andika," akamwambia karani, ulimi mzito. "Mbaramwa, viti viwili. Na zamu ya kwanza ni yao."

"Ya kwanza?" akang'aka yule mjumbe. "Watu wa mkiani ndio waanze?"

"Wewe hujanywa. Kunywa kwanza, ndipo upinge."

Akanywa. Hakupinga.

Tangu hapo, watu wa Ngaluma wakiona mnyonge anazuiwa mlangoni kwa kuwa hana cha kuleta, huambizana: mfungulieni, tena mgawieni mapema, maana chungu ni kimoja na sote tutakinywea. Asiye na maji huja na mchanga.